Akishaingia, Ataishia Wapi? Kulinda Mtandao wa Kompyuta wa Taasisi

Chukua chama cha akiba na mikopo chenye kompyuta 40, makao makuu mjini na matawi mawili vijijini. Waya wa mtoa huduma ya intaneti unaingia kwenye ruta, ruta inaingia kwenye swichi, na kutoka hapo nyaya zinatawanyika: kwa keshia, kwa mhasibu, kwa meneja, kwenye printa ya pamoja, kwenye kamera za mlangoni, kwenye seva yenye daftari la wanachama, na kwenye kifaa cha Wi-Fi kinachomhudumia hadi mgeni aliyekaa kwenye benchi la mapokezi. Vyote vina anwani zinazoanza na 192.168.1. Vyote vinaonana. Simu ya yule mgeni inaweza kubisha hodi kwenye seva ya wanachama, na seva itaitikia.

Taasisi nyingi za ukubwa huu hupeleka pesa zao za ulinzi getini: programu ya kuua virusi, kifaa cha faiawali (kichujio kinachoamua mawasiliano gani yapite) cha bei kubwa, pengine na semina ya siku moja. Vitu hivyo vina kazi yake. Ila swali linaloamua kama taasisi itarudi kazini kesho yake au itafunga mwezi mzima ni lingine: mvamizi akishaipata kompyuta moja, ya keshia mmoja aliyefungua kiambatisho kibaya, ataweza kutembea mpaka wapi?

Kilichotokea Juni 27, 2017

Jibu la swali hilo lilionekana wazi siku kirusi kilichoitwa NotPetya kilipoachiwa. Kilianzia Ukraine, kikaingia kupitia sasisho la M.E.Doc, programu ya hesabu ambayo kampuni nyingi za huko huitumia kuwasilisha taarifa za kodi. Wavamizi walikuwa wameingia kwenye seva za mtengenezaji na kutia sumu kwenye sasisho lenyewe. Hakuna aliyebofya kiungo cha kitapeli. Mhasibu alisasisha programu yake kama alivyoelekezwa, basi.

Baada ya kuingia, kirusi kilikuwa na njia mbili za kusambaa. Ya kwanza ni tundu, yaani kasoro ya kiusalama, la Windows kwenye huduma ya kushirikiana mafaili, inayotumia poti 445 (poti ya namba ni mlango ambao huduma hupokelea mawasiliano). Tundu hilo ndilo WannaCry ililitumia Mei 12 mwaka huohuo, na Microsoft ilikuwa imetoa kiraka chake, yaani sasisho la kuliziba, tangu Machi 14. Njia ya pili ndiyo iliyoumiza zaidi: kilichota nywila kutoka kwenye kumbukumbu ya mashine iliyokwisha kushikwa, kikazitumia kuingia mashine za jirani kama msimamizi halali. Kwa hiyo hata kompyuta iliyosasishwa vizuri ilianguka, mradi tu ilikuwa inaonana na ile isiyosasishwa na zote mbili zinafunguliwa na nywila moja ya msimamizi. Maersk, kampuni kubwa ya meli ya Denmark, ililazimika kusakinisha upya mifumo ya seva 4,000 na kompyuta 45,000.

Hapo kuna mambo matatu tutakayoyafuata: mtandao usio na vyumba, nywila moja inayofungua kila mlango, na nakala rudufu zinazokufa pamoja na mashine. Kila moja lina dawa, na sehemu kubwa ya dawa hizo ni muda wa fundi kuliko pesa.

Kata mtandao vipande

Kwenye swichi inayosimamika, yaani ile ambayo fundi anaweza kuingia kwenye mipangilio yake, kipande cha mtandao huitwa VLAN. Poti kadhaa za swichi, yaani pale nyaya zinapochomekwa, zinatengwa, zikawa kama swichi nyingine isiyozifahamu zilizobaki. Swichi za bei rahisi zisizo na mipangilio haziwezi kazi hii. Kama bajeti inatosha kitu kimoja tu mwaka huu, nunueni swichi inayosimamika kabla ya leseni ya programu yoyote.

Kwa chama chetu cha mfano vipande saba vinatosha kwa kuanzia. VLAN 10 iwe ya wafanyakazi wa kawaida, 20 ya uhasibu na keshia, 30 ya seva, 40 ya printa, 50 ya kamera, 60 ya wageni, na 99 ya usimamizi, ambako ndiko pekee kurasa za kusimamia ruta, swichi na vifaa vya Wi-Fi zitafunguka. Namba ya VLAN iingizwe kwenye anwani: 192.168.20.0/24 (yaani anwani zote zinazoanza na 192.168.20) kwa uhasibu, 192.168.50.0/24 kwa kamera. Siku fundi atakapoona 192.168.50.14 inahangaika kuongea na seva saa nane usiku, hatahitaji kuuliza ni nani. Ni kamera, na kamera haina shughuli yoyote kwenye seva.

Kuchora vipande ni nusu ya kazi, na wengi huishia hapo. Ruta ikishapewa anwani kwenye kila VLAN, itapitisha mawasiliano kati ya zote, kwa sababu hiyo ndiyo kazi iliyoundiwa. Lazima faiawali ya ruta iambiwe kwamba hakuna kinachopita kati ya VLAN mpaka kiwe kimeandikwa. Kisha yaandikwe machache: uhasibu ufike kwenye seva ya hesabu kwa poti ya hifadhidata peke yake, mfano 1433 ikiwa ni SQL Server, VLAN 10 na 20 zifike kwenye printa kwa poti 9100, kamera zifike kwenye mashine yao ya kurekodi na zisitoke kabisa kwenda intaneti, wageni waende intaneti tu, 99 ifike kote, na kokote kwingine kusifike 99.

Faiawali husoma kanuni kutoka juu kwenda chini na kusimama kwenye ya kwanza inayolingana. Fundi akiweka "ruhusu vyote" juu kabisa ili ajaribu kitu kwa dakika tano, halafu simu ikamwita tawini, kila kanuni iliyo chini yake haifanyi kazi tena na hakuna taa itakayowaka kumwambia. Kwa hiyo upimeni mtandao baada ya kila badiliko. Chukua kompyuta, iunganishe kwenye Wi-Fi ya wageni, jaribu kuifikia seva, printa, na ruta yenyewe. Usiridhike na ping (amri ya kupima kama kifaa kinaitikia) kukataa, maana ping inaweza kuzuiwa huku poti 445 iko wazi. Programu kama Nmap huorodhesha poti zinazoitikia. Itumie kwenye mtandao wa taasisi yako tu, na kwa idhini ya maandishi ya uongozi, kwa kuwa sheria za makosa ya mtandao hazimtofautishi kirahisi fundi asiye na barua na mvamizi.

Kuna ukuta mwingine ambao hauna gharama yoyote na husahaulika. Ndani ya VLAN moja, kompyuta bado zinaonana. Lakini kompyuta ya keshia wa kwanza ina lipi la kuiambia kompyuta ya keshia wa pili? Kwa kawaida, hakuna. Faiawali iliyomo ndani ya Windows iwashwe kwenye kila mashine, ikatae maombi yote yanayoingia kwenye poti 445 na 3389 (ya kuongoza Windows kwa mbali) isipokuwa yanayotoka VLAN 99. Kanuni hiyo moja ingemziba NotPetya njia zake nyingi za kutoka meza hadi meza.

Kazi hii pia huharibiwa na nia njema. Ofisa anakosa poti ukutani, ananunua kiruta cha Wi-Fi dukani, anakichomeka chini ya meza. Ghafla nusu ya ofisi haipati seva, kwa sababu kile kiruta kimeanza kugawa anwani zake chenyewe, na sasa kuna mlango wa Wi-Fi ambao hakuna anayeujua. Swichi inayosimamika ina kinga iitwayo DHCP snooping: unaiambia ni poti ipi peke yake inayoruhusiwa kutoa anwani, nyingine zote zinanyamazishwa. Na poti za ukutani zisizo na mtumiaji zizimwe.

Kwa taasisi inayoshika fedha za watu, jambo hili la kukata mtandao vipande halina mjadala. Februari 2016 wavamizi walituma maombi 35 ya malipo kwa jina la Benki Kuu ya Bangladesh, yenye thamani ya karibu dola milioni 951, na dola milioni 81 zikafika Ufilipino kabla maombi mengine hayajazuiwa. Mpelelezi wa polisi wa Bangladesh alieleza baadaye kwamba vifaa vya malipo ya kimataifa vilikuwa vimeunganishwa kwa swichi za mitumba za takriban dola 10, bila faiawali.

Ruta: mlango ambao hakuna anayeutazama

Afrika Mashariki, ukifungua kabati la mtandao la shule, hospitali au hoteli, mara nyingi utakuta ruta ya MikroTik. Ni vifaa imara na vya bei ya haki, ila vina uwezo mkubwa kuliko uangalizi vinaopewa. Aprili 2018 mtengenezaji alitoa kiraka cha tundu kwenye Winbox, programu ya kusimamia ruta hizo kupitia poti 8291. Tundu hilo lilimwezesha mtu aliye nje kusoma nywila za ruta moja kwa moja. Miezi michache baadaye ruta kwa maelfu, zikianzia Brazil, zilikuwa zinapachika programu za kuchimba sarafu za kidijitali kwenye kurasa za watumiaji. Kiraka kilikuwepo muda wote huo. Wengi hawakukiweka, kwa sababu ruta ikishafungwa na intaneti ikapatikana, hakuna anayeigusa tena mpaka iharibike.

Kwa kifaa cha aina hiyo, kazi ya nusu saa ni hii. Sasisha RouterOS, mfumo endeshi wa ruta hizo, kisha sasisha na programu ya bodi kwa amri /system routerboard upgrade, uwashe upya. Tengeneza akaunti mpya ya msimamizi yenye jina lingine, ingia nayo, ndipo uiondoe ile ya admin. Zima huduma zisizotumika:

/ip service disable telnet,ftp,www,api,api-ssl

Kisha ifungie Winbox kwenye VLAN ya usimamizi peke yake:

/ip service set winbox address=192.168.99.0/24

Kabla ya kugusa faiawali ya kifaa kilicho tawini, washa Safe Mode kwenye Winbox. Ukijikata mwenyewe kwa kanuni mbaya na muunganisho ukavunjika, ruta itayarudisha mabadiliko hayo, nawe utaokoa nauli ya kwenda na kurudi. Angalia pia kipengele cha DNS (huduma ya kutafsiri majina ya tovuti kuwa anwani) kiitwacho Allow Remote Requests. Kikiwa kimewashwa na poti 53 iko wazi upande wa intaneti, ruta yako inakuwa chombo cha kuwashambulia wengine, na dalili pekee utakayoiona ni intaneti kuwa nzito pasipo sababu.

Kuhusu Wi-Fi, machache: usimbaji uwe WPA2 yenye AES au WPA3, WPS (njia ya kujiunga kwa kitufe au PIN) izimwe, na nywila ya wageni ibadilishwe mara kwa mara. Kamera zipewe nywila mpya kabla hazijapanda ukutani. Mirai, programu hasidi iliyoangusha tovuti kubwa duniani mwaka 2016, iliteka kamera na mashine za kurekodi kwa kujaribu orodha ya nywila sitini na kitu ambazo viwanda huziweka na wenye vifaa huziacha.

Nani ana ufunguo gani

Ofisi nyingi huweka mifumo kwenye kompyuta moja vizuri, kisha huinakili kwenye nyingine 39. Nakala hizo zote zina akaunti ya msimamizi wa ndani yenye nywila ileile. Mvamizi akiipata kwenye mashine ya mapokezi, ameipata na ya mhasibu mkuu. Microsoft ina chombo kiitwacho LAPS, ambacho tangu Aprili 2023 kimo ndani ya Windows yenyewe: kila kompyuta inajitungia nywila yake ya msimamizi, inaibadilisha kwa ratiba, na kuihifadhi kwenye seva ya domeni (inayowatambua watumiaji wote wa ofisi) ambako fundi mwenye ruhusa ataisoma akiihitaji. Taasisi isiyo na domeni ifanye kwa mkono: nywila tofauti kwa kila mashine, zitunzwe kwenye programu ya kuhifadhi nywila. Nywila 40 ni kazi ya mchana mmoja.

Fundi naye awe na akaunti mbili, moja ya kusomea barua pepe na nyingine ya usimamizi, na hiyo ya pili isitumike kabisa kwenye kompyuta ya kawaida. Sababu yake tumeiona: nywila ikishatumika kwenye mashine, inaweza kuchotwa kwenye kumbukumbu ya mashine hiyo. Msimamizi wa domeni anayeingia kwenye kompyuta yenye kirusi ili airekebishe anakipelekea kirusi funguo za ofisi nzima.

Kwa watumiaji wengine, acheni desturi ya kuwalazimisha kubadilisha nywila kila siku 30. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliachana na ushauri huo mwaka 2017, na sababu yake anaijua kila aliyewahi kukaa ofisini: anayelazimishwa hutoka Mwanza@1 akaenda Mwanza@2. Wapeni urefu badala yake, maneno manne yasiyohusiana yenye herufi 16 au zaidi, na nywila ibadilishwe pale kuna dalili kwamba imevuja.

Juu ya nywila iwepo hatua ya pili ya uthibitisho kwenye barua pepe, kwenye VPN (njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa nje), na kwenye kila mfumo unaofikika kutoka nje. Programu ya simu inayotoa tarakimu sita kila sekunde 30 ni bora kuliko SMS, kwa kuwa matapeli wa hapa kwetu wamekuwa hodari wa kuhamisha laini ya mtu. Mei 2021 kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani ilisimamisha bomba lake la mafuta na kulipa bitcoin 75 baada ya wavamizi kuingia kwa akaunti ya VPN ambayo haikuwa ikitumika tena na haikuwa na hatua ya pili. Akaunti ya mtu aliyeondoka kazini ifungwe siku ileile anaporudisha funguo za ofisi. Ofisa utumishi na fundi wa TEHAMA wawe na fomu moja wanayosaini wote wawili, isije kila mmoja akadhani mwenzake amefanya.

Hali ni hiyo pia kwa fundi wa nje. Aliyeuza programu ya hesabu mara nyingi huacha AnyDesk au TeamViewer, programu za kuongoza kompyuta kwa mbali, kwenye seva, yenye nywila ya kudumu, ili aweze kusaidia hata usiku. Huo ni mlango wa nyuma hata kama aliyeuweka ni mtu mwema. Aingie kwa VPN, afike kwenye seva yake tu, na akaunti yake iwashwe akiomba na kuzimwa akimaliza. Poti 3389 ya kuongoza Windows kwa mbali isifunguliwe upande wa intaneti hata kwa saa moja, maana mashine za kujaribu nywila huigundua upesi mno.

Kusasisha na programu za kuvunjwa

Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida Oktoba 14, 2025. Mashine ambayo haikubali Windows 11 na haipati tena viraka ihamishiwe VLAN yake yenyewe isiyo na intaneti, au ipewe mfumo wa Linux. Kwa zilizobaki, kipimo kizuri ni kile cha mpango wa Cyber Essentials wa Uingereza: viraka vya matundu makubwa viwekwe ndani ya siku 14. Vifaa vinavyotazama intaneti, yaani ruta na VPN, visisubiri hata hizo.

Kisingizio cha kawaida ni kwamba masasisho yanakula kifurushi cha intaneti. Hilo lina ufumbuzi: Windows ina kipengele cha Delivery Optimization ambacho huziwezesha kompyuta kugawana sasisho lililokwisha kupakuliwa. Kumbuka tu kwamba tumezifungia kompyuta zisiongee, kwa hiyo kama mnakitumia, faiawali za mashine hizo ziruhusu poti 7680 ndani ya VLAN, na hiyo peke yake.

Jambo la kusikitisha zaidi ni Windows na Office za kuvunjwa. Maelekezo ya kuiwasha nakala ya wizi mara nyingi huanza na kuzima kinga ya virusi. Mtu anazima mlinzi wake kwa mkono wake, anaendesha programu asiyoijua kwa ruhusa ya msimamizi, na kisha anaweka humo daftari la akiba za wanachama 2,000. LibreOffice ni ya bure na inatosha kwa barua na majedwali ya ofisi nyingi. Mashirika yasiyo ya kiserikali yanaweza kuomba leseni za punguzo.

Barua pepe

Mlango unaogongwa kila siku ni huu. Kikoa cha taasisi kiwe na rekodi tatu za DNS: SPF inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lenu, DKIM inayotia saini, na DMARC inayomwambia mpokeaji afanye nini na barua isiyolingana. DMARC ianze kwa p=none (barua ipite), msome ripoti kwa wiki kadhaa, kisha quarantine (itengwe), mwisho reject (ikataliwe). Kosa linalojirudia ni kuwa na rekodi mbili za SPF, moja ya mtoa huduma wa zamani na moja ya mpya. Zikiwa mbili, upimaji mzima unavunjika na barua zenu halali huanza kuingia kwenye taka. Zote ziunganishwe kwenye mstari mmoja.

Lakini rekodi hizo hazizuii barua inayotoka kwenye akaunti halisi ya msambazaji wenu iliyoibwa, inayosema kwa upole kwamba namba ya akaunti ya benki imebadilika. Kinachozuia ni utaratibu wa ofisi: badiliko lolote la akaunti ya malipo lithibitishwe kwa kupiga simu kwenye namba iliyoko kwenye jalada la zamani, kamwe si iliyoandikwa kwenye barua hiyo. Mkuu wa taasisi autangaze utaratibu huu yeye mwenyewe mbele ya wote, ili mhasibu asiogope kumpigia simu bosi aliyedaiwa kuandika "lipa haraka, niko kwenye kikao".

Diski iliyopanda ndege kutoka Ghana

Turudi Maersk. Seva zao za domeni, zile zinazowatambua watumiaji wote na nywila zao, zilikuwa takriban 150 duniani kote, na kila moja ilikuwa nakala ya nyingine. Mpango huo ulifaa kwa seva moja kuungua, lakini haukufaa kwa zote kufutwa kwa pamoja. Iliyopona ilikuwa moja tu, katika ofisi yao ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika kabla ya kirusi kufika. Intaneti ya pale haikuweza kupitisha data hiyo kwa wakati, hivyo diski ikabebwa kwa ndege hadi Nigeria, ikakabidhiwa mfanyakazi mwingine, akaipeleka London.

Kilichoiokoa nakala ile ni kwamba haikuwa imeunganishwa. Ndiyo sababu diski ya nje inayokaa imechomekwa kwenye seva mwaka mzima haihesabiki: kirusi cha kudai fidia huifunga pamoja na seva, na kabla ya hapo hufuta nakala za ndani za Windows. Kanuni inayotumika ni 3-2-1, nakala tatu za data, kwenye aina mbili za hifadhi, moja ikiwa nje ya jengo. Kwa chama chetu, maana yake ni seva yenyewe, mashine ya nakala iliyoko VLAN yake, na diski mbili zinazopokezana kila Ijumaa. Moja inachomekwa, ikimaliza inachomolewa na kupelekwa tawini kwenye sefu, nyingine inarudi. Diski hizo zifungwe kwa BitLocker, kipengele cha Windows cha kusimba diski isisomeke bila nywila, maana diski iliyoibwa kwenye daladala ni data iliyovuja. Na mashine ya nakala ndiyo iende kuchota data kwenye seva, isiwe seva inayopeleka. Seva ikiwa na ruhusa ya kuandika kwenye nakala, basi na aliyeiteka seva anayo.

Fanyeni hesabu ya kurudisha kabla ya kuihitaji. Terabaiti 1 kwenye mtandao wa ndani wa megabiti 100 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa 22. Kwenye megabiti 1,000 ni zaidi kidogo ya saa 2. Kutoka kwenye hifadhi ya intaneti kwa kasi ya megabiti 10, ni zaidi ya siku 9, na hapo kifurushi hakijayumba. Meneja aliyeambiwa tu kwamba "bakapu ipo" hajaambiwa siku hizo tisa. Kila baada ya miezi mitatu rudisheni mfumo wa hesabu kwenye kompyuta tofauti, mhasibu aufungue, atafute wanachama watatu na kulinganisha salio.

Kumbukumbu za matukio, na siku yenyewe

Ruta ya MikroTik, isipopangiwa vingine, huweka kumbukumbu zake za matukio kwenye RAM, yaani hifadhi ya muda, mistari 1,000. Umeme ukikatika, zimekwenda. Zielekezwe kwenye mashine nyingine kwa syslog (njia ya kutuma kumbukumbu hizo), poti 514, na saa za vifaa vyote zilinganishwe kwa NTP (huduma ya kulinganisha saa kupitia mtandao), la sivyo hutajua kipi kilitangulia. Kwenye Windows, namba za matukio za kutazama kila asubuhi ni chache: 4625 ni aliyejaribu kuingia akashindwa, 4720 ni akaunti mpya imeundwa, 4732 ni mtu ameongezwa kwenye kundi kama la wasimamizi, na 1102 ni kumbukumbu zimefutwa. Hiyo ya mwisho ikionekana bila fundi kuwa na habari, acheni kazi nyingine zote.

Siku skrini itakapoonyesha dai la fidia, chomoa waya wa mtandao na uzime Wi-Fi, lakini usiizime kompyuta, kwa kuwa kwenye RAM kunaweza kuwa na ufunguo au alama ya mvamizi. Piga picha ya skrini kwa simu. Tenganisha swichi ya seva na nyinginezo. Wasilianeni kwa simu, kwa sababu huenda anayezisoma barua pepe zenu ni yeye. Nywila za wasimamizi zibadilishwe kutoka kwenye mashine safi. Namba za kupiga ziwe zimebandikwa ukutani kwa karatasi, maana faili lenye namba hizo nalo litakuwa limefungwa. Tanzania kuna TZ-CERT, timu ya kushughulikia matukio ya mtandao iliyo chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya kuna KE-CIRT, timu ya kazi hiyohiyo, na sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inatoa saa 72 kumwarifu Kamishna wa Data pale taarifa za watu zinapovuja na kuwaweka hatarini.

Msihangaike kurudisha nakala siku hiyo hiyo kabla ya kujua aliingilia wapi. Mara nyingi mvamizi huwa amekaa ndani kwa wiki kadhaa kabla ya kujitangaza, na huenda naye yumo ndani ya nakala ya juzi. Tafuteni kwanza ile 4720 au 4732 ya mwanzo kabisa, mchukue nakala iliyotangulia tarehe hiyo, mifumo ifungwe upya kutoka kwenye diski safi, na seva zirudi moja moja kwenye VLAN 30, ya hesabu ikiwa ya kwanza, huku fundi mmoja akiwa hana kazi nyingine siku hiyo ila kutazama kinachojaribu kutoka.